Nilimlaza rafiki yangu kwenye benchi la kituo cha afya, nikaondoka

Mama Mshauri, shikamoo. Na kwa kuwa wote tunaishi Dodoma, mbukwa.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda hapa mjini na nimepanga chumba Chang'ombe. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelibeba peke yangu kwa miezi kadhaa, na sasa limefika mahali siwezi hata kumtazama usoni mwanamke aliyenilea.

Nina rafiki niliyekua naye Kibaigwa tangu tukiwa shule ya msingi. Alianza kutumia unga alipokwenda Dar es Salaam kwenye kazi za ujenzi, na aliporudi huku alikuwa tayari anajidunga. Mama yake aliuza mahindi yake yote ya msimu ule akampeleka nyumba ya upataji nafuu, ile tunayoiita soba, akakaa miezi mitano. Alitoka amenawiri, anaamka mapema, anazungumzia kununua pikipiki yake mwenyewe. Wiki ya pili baada ya kutoka, alikuja chumbani kwangu usiku akiwa na kete mbili za unga mfukoni.

Tulikuwa watu wanne. Sitakudanganya, mama: mimi sijidungi, lakini usiku ule nami nilivuta, na kabla ya hapo tulikuwa tumekunywa pombe kali. Yeye alijidunga kiasi kilekile alichokuwa amekizoea zamani. Baada ya muda tukamsikia anakoroma mkoromo wa ajabu, kama mtu mwenye maji kooni, tukadhani usingizi umemchukua. Nilipommulika kwa tochi ya simu nikaona midomo imekuwa na rangi ya majivu. Nilimwita hakuitika, nikamfinya hakushtuka.

Mmoja wetu akasema amwagiwe maji, tukammwagia ndoo nzima. Mwingine akatoka mbio kutafuta maziwa ya kumnywesha. Nikasema tumpeleke hospitali, wakanikatalia wakisema kwamba manesi watawapigia polisi simu, polisi watauliza unga umetoka wapi, chumba kimepangwa kwa jina langu, na kete nyingine ilikuwa bado iko pale juu ya stuli. Tulibishana kwa muda ambao nakadiria ulifika dakika arobaini. Muda wote huo nilikuwa nimemshika mkono, na bado akili yangu ilikuwa inahesabu miaka ya kifungo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Mwishowe tulimpakia mshikaki kwenye pikipiki yangu, mwenzangu akimshikilia kwa nyuma. Mlinzi wa kituo cha afya alituuliza kuna nini na kama tuna PF3, ile fomu ya polisi. Nikamjibu kwamba tumemkuta kando ya barabara, labda amegongwa na gari. Tukamlaza kwenye benchi, nikasema naenda kuegesha pikipiki vizuri. Sikurudi.

Alipona, mama. Alilazwa siku sita. Lakini mama yake, ambaye ananiita mwanangu tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, amekuwa akiwaombea kila Jumapili wasamaria wema waliomwokota mwanawe barabarani, na ameniomba mimi, kwa kuwa nazunguka mjini, nimsaidie kuwatafuta ili awashukuru. Rafiki yangu mwenyewe anaujua ukweli na amenyamaza.

Abiria mmoja niliyempakia kutoka stendi kuu aliniambia kwamba nchi za wenzetu kuna sheria inayomlinda mtu anayempeleka hospitali mwenzake aliyezidisha dawa za kulevya, kwamba hakamatwi. Naomba unieleze: je, na sisi tunayo? Kama ningebaki pale nikasema kweli, ningefungwa? Rafiki yangu ameanza tena, na naogopa usiku kama ule utarudi. Na huyu mama nimwambie nini?

Niliyeondoka,
Chang'ombe, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu, na mbukwa.

Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kushika kalamu. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, na ingawa silijui benchi unalolisema, nimewainua watu wengi kutoka kwenye mabenchi kama hilo, wengine wakiwa na pumzi na wengine wakiwa wameshapoa. Kwa upande wa sheria nilimwendea wakili ninayemwamini, nikamsomea barua yako bila kumtajia mtaa, na yale nitakayokueleza kuhusu sheria nimeyapima kwanza na yeye.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Unajilaumu kwa kuondoka, lakini mimi naliona kosa lililo kubwa zaidi katika maneno uliyomwambia mlinzi. Muuguzi anapoletewa kijana asiye na fahamu, akaambiwa huenda amegongwa na gari, mikono yake inakwenda kwenye kichwa na shingo, anatafuta damu na mfupa uliovunjika, anamfunga shingo isitikisike, anapima sukari, anapima malaria, anamtafutia gari la rufaa kwa ajili ya picha ya kichwa. Kila kimoja katika hivyo kina maana kwa mtu aliyegongwa, na kila kimoja kinakula dakika ambazo rafiki yako hakuwa nazo. Maneno matano, yaani "amejidunga unga pamoja na pombe", yangewapeleka moja kwa moja kwenye pumzi yake na kwenye dawa inayoitwa naloksoni. Inawezekana waliomhudumia walimfunua macho, wakaona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, wakatambua wenyewe. Tuwashukuru. Lakini usiku mwingine, kwenye zamu yenye muuguzi mmoja na wajawazito wawili wanaosubiri kujifungua, huenda macho hayo yasifunuliwe mapema.

Elewa namna heroini, yaani huo unga, inavyoua, ili uone kwa nini ninalishikilia jambo hili. Heroini huishika sehemu ya ubongo inayoamuru mwili kuvuta pumzi, na ikizidi, amri hiyo inafifia. Mtu hupumua mara chache zaidi na zaidi, ulimi na mate vinaziba koo, na mkoromo ule mliodhani ni usingizi ulikuwa ni hewa inayopita kwa shida. Mara nyingi kifo hakiji papo hapo. Pumzi inaweza kudidimia taratibu hata kwa saa nzima au zaidi, na ndiyo maana watu wengi hufa wakiwa na wenzao chumbani ambao wangeweza kuwaokoa. Pombe mliyokunywa kabla iliisaidia heroini kufanya kazi hiyohiyo ya kuizima pumzi. Naloksoni huing'oa heroini mahali ilipojishika na kukalia nafasi yake, na mgonjwa anaweza kuanza kupumua ndani ya dakika chache. Nguvu yake hudumu kwa muda wa dakika 30 hadi 90 tu, kwa hiyo anayeamka anaweza kudidimia tena akiwa nyumbani, hasa kama alitumia kitu kinachokaa mwilini kwa muda mrefu. Ndiyo sababu haifai kumchukua mgonjwa na kuondoka naye mara anapofumbua macho.

Sasa nije kwenye sheria, na nitakuambia ilivyo, hata pale isipofurahisha.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka yetu ya kudhibiti dawa hizo, inakufanya uwe na kosa ukitumia, ukikutwa nazo hata kwa matumizi yako mwenyewe, na pia ukiruhusu mahali unapopamiliki au unapopasimamia patumike kwa kazi hiyo. Adhabu ya anayefanya biashara yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Katika sheria hiyo hakuna kifungu kinachosema kwamba aliyemleta mgonjwa aliyezidisha dozi hatashitakiwa kwa sababu ya kumleta. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, nayo ni ya mwaka huohuo 2015, lakini hiyo inamlinda raia anayefichua uhalifu, na wewe usiku ule hukuwa unafichua uhalifu. Ulikuwa unatafuta mtu wa kumwokoa mwenzako. Kwa hiyo swali lako la kama ungeweza kukamatwa lina jibu moja la kweli: ndiyo, ingewezekana. Sitakudanganya ili ulale vizuri.

Hata hivyo mlikuwa mnapima upande mmoja tu wa mzani. Mliipima hatari ya kumpeleka akiwa hai, mkasahau kuipima hatari ya kukaa naye mpaka akafa. Mgonjwa hai anapofika mapokezi, anayemkabili ni muuguzi, na kazi ya muuguzi ni pumzi. Miaka yote niliyokaa wodini sikuwahi kumwuliza aliyemleta mgonjwa kete ameinunua kwa nani, kwa kuwa jibu lake lisingenisaidia kuchagua dawa. Maiti ya kijana chumbani kwako ni jambo jingine kabisa. Kifo cha namna hiyo hakizikwi kimyakimya. Polisi wangekuja bila shaka yoyote, mwili ungechunguzwa, na ninyi watatu mngeulizwa kwa nini mlikaa naye dakika arobaini. Wakili alinieleza kwamba katika Kanuni ya Adhabu, kuua bila kukusudia kunaweza kutokana hata na uzembe mkubwa wa mtu aliyekuwa na wajibu wa kuulinda uhai wa mwingine. Kama ninyi mlikuwa na wajibu wa aina hiyo au la, lingekuwa jambo la kubishaniwa mahakamani, na mngelibishania mkiwa washitakiwa. Ile hofu iliyowazuia ilikuwa inawasukuma kuelekea kitu kilekile mlichokuwa mnakikimbia.

Kuhusu PF3, fomu hiyo imewekwa kwa ajili ya kuandika majeraha pale panaposhukiwa kosa, ili yawe ushahidi baadaye. Mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza. Mlinzi akikuuliza, usibishane naye getini wala usitunge ajali. Mwambie kwa sauti ya kusikika kwamba mgonjwa hapumui vizuri na umwombe amwite muuguzi sasa hivi. Neno "hapumui" hufungua mageti ambayo maelezo marefu hayafungui.

Abiria wako alikuambia kweli. Huko Marekani, jimbo la New Mexico lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2007, na baadaye karibu majimbo yote yakafuata, kila moja kwa mipaka yake. Kanada ilitunga ya nchi nzima mwaka 2017. Sheria ya Kanada inamlinda anayeomba msaada, inamlinda mgonjwa mwenyewe, na inamlinda kila aliyekuwapo pale msaada unapofika, wasishitakiwe kwa kosa la kukutwa na dawa za matumizi yao. Inawalinda hata wale waliokuwa nje kwa dhamana au wanaotumikia adhabu yao nje ya gereza kwa masharti ya kutogusa dawa, wasihesabiwe kuwa wamevunja masharti hayo kwa sababu ya kukutwa nazo pale. Haimlindi muuzaji, wala haimfutii mtu hati ya kukamatwa aliyokuwa nayo tangu awali. Watu huku kwetu wakisikia habari hizi hudhani ni ruhusa ya kutumia unga, na kumbe kosa linabaki kuwa kosa. Kinachobadilika ni kwamba dola inakubali kuliachia kosa dogo la usiku mmoja ili mtu asife. Nao wenzetu wamejifunza jambo moja kwa uchungu, kwamba sheria ikikaa kwenye vitabu bila askari na watumiaji kuijua, watu huendelea kukimbia kama vile haipo.

Na mimi natamani tuwe nayo. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wasomaji wa safu hii waliozika watoto kwa sababu ya unga na wasiotaka kusikia neno lolote linalofanana na huruma kwa watumiaji; kilio chao nakiheshimu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu wapatao 125,000 walikufa duniani kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, ambazo heroini ni mojawapo. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria, na sikuona mahali ilipomtoa teja katika hao "kila mtu". Ila tukija kuitunga, isiwe ya kunakili. Sheria za Marekani na Kanada zimejengwa juu ya simu: mtu anapiga, gari la wagonjwa linakuja na askari pengine nyuma yake. Kwetu Dodoma mgonjwa wa namna hii haji kwa gari la wagonjwa. Anakuja kwenye pikipiki, kwenye bajaji, kwenye mkokoteni kutoka Nkuhungu, na wa kwanza kumpokea ni mlinzi wa getini. Kifungu chetu kitahitaji kumtaja aliyembeba mgonjwa, kumtaja dereva, na kumtaja mwenye chumba aliyefungua mlango akaomba msaada, ambaye leo anaogopa zaidi kuliko wote kwa sababu ya lile kosa la kuruhusu mahali pake patumike. Bunge linakaa hapahapa mjini kwetu, umbali wa safari moja ya bodaboda kutoka mahali ulipompakia rafiki yako, na wakazi wa Dodoma tuna nafasi ambayo mikoa mingi haina ya kuwaeleza wabunge mambo haya uso kwa uso.

Lakini usiku wako unaweza kurudi kabla ya Bunge kukaa, kwa hiyo nikueleze la kufanya.

Mkimkuta amelala hivyo, mwite kwa jina na umsugue kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asiposhtuka, tazama kifua chake. Kama bado anapumua, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa na mkono chini ya shavu, ili mate na matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Kama hapumui, au anapumua mara moja moja kwa kukatikakatika, mlaze chali, inua kidevu kichwa kiende nyuma, ondoa kilichomo mdomoni, mbane pua na umpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano, ukiangalia kifua kinainuka. Mtu mmoja afanye hivyo huku mwingine akitafuta usafiri, na mkiwa na nafasi ya kuchagua, bajaji ni bora kuliko mshikaki, kwa sababu ndani ya bajaji mnaweza kuendelea kumpulizia njiani. Maji ya ndoo hayaamshi ubongo uliokosa hewa. Yanampoza mwili tu. Maziwa ni mabaya zaidi, kwani mtu asiye na fahamu hamezi, na maziwa yale yanakwenda mapafuni. Msimdunge chumvi, wala msimdunge kitu kingine chochote mkidhani kinapunguza nguvu ya unga. Kwa ngozi zetu nyeusi, usisubiri aonekane wa bluu kama wanavyosema kwenye vitabu. Tazama midomo, fizi na kucha, zikiwa na rangi ya majivu kama ulivyoona, muda umeshakwenda.

Ukifika, mwambie muuguzi alichotumia, kwa njia gani, saa ngapi, na alichochanganya nacho. Umwambie pia kama anakunywa methadoni, ile dawa ya kuwatibu watumiaji wa unga. Kisha baki. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa mhudumu wa afya, na unaweza kumwomba akusikilize pembeni, mbali na watu waliojaa mapokezi. Ikitokea askari akafika na kuanza kukuuliza, usikimbie na usimdanganye. Mtajie jina lako, mwambie umemleta mgonjwa, na umwombe kwa heshima uwasiliane na ndugu au wakili kabla ya kuandika maelezo, jambo ambalo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu mtu aliye chini ya ulinzi kuliomba. Usiye na fedha ya wakili unaweza kuwatafuta watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hutanisikia nikikufundisha namna ya kuficha kete. Ninachotaka ni kwamba kete isipewe uzito kuliko mtu aliyelala sakafuni.

Kuhusu chumba chako, jibu ni fupi: watu wasitumie tena humo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nadhani hakuna aliyewaeleza. Rafiki yako hakuzidiwa kwa sababu alitumia kingi kuliko zamani. Alitumia kilekile, ila mwili wake haukuwa uleule. Mwili uliozoea unga hujenga ustahimilivu, na mtu akikaa bila kutumia kwa majuma au miezi, iwe soba, iwe gerezani, iwe kijijini kwa bibi, ustahimilivu ule hushuka. Akirudia kipimo cha zamani, anakipeleka kwenye mwili ambao ni kama haujawahi kukiona. Wiki za kwanza baada ya kutoka soba ndizo za hatari zaidi, na nawasihi wazazi wanaosoma hapa wasidhani kazi imekwisha siku ile wanapompokea mtoto getini amenenepa.

Tukirudi kwa huyo mama. Siri ya ugonjwa ni ya rafiki yako, kwa hiyo huwezi kwenda Kibaigwa ukaimwaga bila yeye kukubali. Siri ya kuondoka ni yako, na hiyo una haki ya kuitoa. Kaa naye kwanza siku ambayo hana arosto, yaani mateso ya mwili unaodai unga, na hajatumia, umwambie huwezi tena kuendelea kuombewa kama mpita njia. Nadhani atakubali, kwa sababu kunyamaza kwake nako kunamchosha. Mkienda, nendeni wote wawili. Usianze na habari za polisi wala za hofu yako; mwambie mama kwamba waliompeleka mwanawe ni ninyi, kwamba mlichelewa, na kwamba mlidanganya mlipofika. Atalia, na pengine atakutukana. Mwache. Mwanamke aliyeuza mahindi yake yote ya msimu ana haki ya kujua fedha ile imeishia wapi, na ana haki zaidi ya kujua dalili za kutazama usiku mwanawe anapolala kwake. Mwonyeshe namna ya kumlaza ubavu, umfanyie yeye mwenyewe ajaribu.

Halafu methadoni. Tanzania Bara ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na sasa hapa Dodoma inatolewa Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe, bila malipo. Ni dawa ya kunywa, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, huondoa arosto na kumwezesha mtu kufanya kazi bila kuwaza kete ya jioni. Na anayeinywa akaongeza unga au pombe juu yake anajirudisha kwenye hatari ileile, jambo ambalo wataalamu wa pale watamweleza kabla ya kumwandikisha. Haitolewi kwa siku moja ya kwenda na kurudi, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumfikisha kila asubuhi, hasa katika wiki za mwanzo ambapo kipimo chake kinapandishwa taratibu na mwili bado unadai unga. Wewe una pikipiki. Mpitie kabla hujaanza kusaka abiria, umpeleke mpaka ndani, na safari hii uiegeshe kweli, urudi ukae naye mpaka atakapomaliza kunywa.